Mwarobaini uko uani, dawa yaagizwa ng'ambo

Msimu wa mwarobaini kuzaa unapofika, nyua na vichochoro vingi vya kisiwa cha Mombasa hujaa matunda madogo ya manjano. Ndege na popo hula nyama yake, watoto huyakanyaga wakienda chuoni, na kila asubuhi wenye nyumba huyafagia pamoja na kokwa zake na kuyatupa jaani. Upande wa pili wa kisiwa, makasha yenye dawa za kuua wadudu kutoka China, India na Ulaya hushushwa katika bandari ya Kilindini na kusafirishwa bara. Baadhi ya dawa hizo hurudi tena kisiwani baada ya miezi michache, si ndani ya makasha, bali juu ya nyanya, mchicha na bamia zinazouzwa Marikiti.

Kokwa zile zinazofagiwa zina kiungo kiitwacho azadirakitini, ambacho wataalamu wa wadudu wamekichunguza kwa zaidi ya nusu karne. Mnamo 1959, mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Schmutterer alikuwa nchini Sudan wakati kundi la nzige lilipovamia. Nzige hao walimaliza kila jani lililokuwa mbele yao, isipokuwa la mwarobaini. Walitua juu ya miti hiyo, kisha wakaondoka bila kuila. Tangu siku hizo mti huo umekuwa mada ya vitabu, mikutano ya kimataifa na, kama tutakavyoona, kesi.

Wakazi wa Mji wa Kale hawahitaji Mjerumani wa kuwaeleza kuwa mwarobaini una nguvu. Mti huo, ambao baadhi ya watu wa Pwani huuita mkilifi, asili yake ni Bara Hindi na Burma, na uliletwa huku na wahamiaji kutoka India katika karne ya 19. Jina lake la Kiswahili linatokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Wazee wa Kibokoni na Kuze waliyatia majani yake makavu katika magunia ya mahindi na kunde ili kuzuia fukusi, na wapo hadi leo wanaofanya hivyo.

Kama haya yote yanajulikana, kwa nini mkulima wa Kilifi, Kwale au Taita, ambaye ndiye anayeilisha Mombasa, bado hana dawa ya aina hiyo mkononi? Jibu linalosikika mara kwa mara ni kwamba utafiti haujakamilika. Jibu hilo si la kweli, na ni vyema lisemwe hivyo waziwazi.

Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia katika sayansi hii. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilianzishwa jijini Nairobi mwaka 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyetaka maisha ya mdudu yafahamike kwanza kabla ya kumiminiwa sumu. Katika miaka ya 1990 kituo hicho kilikuwa na mradi mzima wa mwarobaini, chini ya mtaalamu Ramesh Saxena, uliowafunza wakulima namna ya kukusanya, kukausha na kutumia mbegu zake. Baadaye watafiti wake walitenga kuvu iitwayo metariziamu, inayoishi udongoni na kuwaambukiza wadudu ugonjwa wa kuwaua. Mojawapo ya aina za kuvu hiyo, inayojulikana kwa nambari ICIPE 69, ilitengenezwa kuwa bidhaa ya kuuzwa na kampuni ya Real IPM ya Thika.

Pwani yenyewe imekuwa uwanja wa majaribio makubwa, ingawa wakazi wake wengi hawakuwahi kuambiwa. Kwa miongo kadhaa mahindi ya ukanda huu yalikuwa yakitobolewa na kiwavi wa mabua aliyeingia Afrika kutoka Asia. Kwa kuwa alikuja bila maadui wake wa asili, alizaana bila kizuizi, na kwa kuwa hujificha ndani ya bua, dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi. Mwaka 1991 icipe ilileta kutoka Pakistan nyigu mdogo sana, asiyezidi milimita chache, ambaye humfuata kiwavi huyo hadi ndani ya bua na kutaga mayai mwilini mwake. Funza wa nyigu huanguliwa humo na kumla kiwavi kutoka ndani. Mwaka 1993 nyigu hao waliachiliwa katika mashamba ya Pwani. Walizoea, wakaenea, na idadi ya viwavi ikapungua. Hakuna mkulima aliyetozwa hata senti moja, wala aliyebeba bomba mgongoni.

Hapo ndipo penye tatizo pia. Nyigu wa aina hiyo hana chapa, hana muuzaji, hana tangazo redioni. Kazi aliyoifanya haionekani, na kisichoonekana hakitengewi fedha katika bajeti. Walipoingia viwavijeshi vamizi kutoka Amerika na kushambulia mahindi ya nchi nzima mwaka 2017, jambo la kwanza lililofikiriwa na serikali lilikuwa kemikali.

Kisa cha nzi wa matunda kinasikitisha zaidi kwa sababu kiliwagusa watu mfukoni. Mwaka 2003 wataalamu waligundua katika maembe ya pwani ya Kenya aina ya nzi ambaye hakuwa amewahi kuonekana barani Afrika. Asili yake ilikuwa Asia. Nzi huyo hutaga mayai chini ya ganda la embe. Mnunuzi hukata tunda zuri kwa nje na kukuta ndani limejaa funza. Katika miaka michache alikuwa ameenea sehemu kubwa ya bara hili. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusitisha yenyewe mauzo ya maembe katika Umoja wa Ulaya, kwa kuhofia kupigwa marufuku, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021.

Dhidi ya nzi huyo, dawa ya kunyunyiza juu ya embe haina maana kubwa, kwa kuwa funza yuko ndani na mtoto wa nzi hukua ndani ya udongo. Kilichofanya kazi ni mchanganyiko wa mbinu: mitego yenye harufu ya kuwavuta madume, chambo chenye protini, kuvu ya metariziamu inayotiwa udongoni chini ya mti, nyigu aliyeletwa kutoka Hawaii mwaka 2006 ambaye hutaga mayai ndani ya mayai ya nzi, na usafi wa kuokota kila tunda lililoanguka. Watafiti walichunguza hata majimoto, wale chungu wekundu wakali wanaoshona majani kuwa viota. Kijana yeyote wa Pwani aliyewahi kupanda mwembe wenye majimoto anakumbuka alivyoteremka. Kumbe kuwapo kwao humkimbiza nzi asitage kwenye matunda. Mababu waliowaacha chungu hao juu ya minazi na miembe bila kuwachoma moto hawakuwa wajinga.

Basi sayansi ipo. Kinachokwama ni safari ya kutoka maabara hadi kwenye shamba la mtu mwenye robo ekari.

Tumchukue mkulima wa nyanya au bamia aliyekopa fedha za mbegu na za maji. Asubuhi moja anaona viwavi na nzi weupe chini ya majani. Akinyunyiza kemikali, ifikapo jioni wadudu wameanguka chini miguu juu, na moyo wake unatulia. Akinyunyiza dawa ya mwarobaini, kesho yake anawakuta wadudu palepale, hai. Hajui, kwa kuwa hakuna aliyemweleza, kwamba wengi wao wameacha kula. Azadirakitini haipigi kama rungu. Humkatisha mdudu hamu ya chakula, na huvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi na kukua. Kifo huja baada ya siku kadhaa. Mkulima hungoja siku mbili, kisha hurudi katika duka la agroveti kununua kile alichokizoea.

Simlaumu. Mwenye deni hawezi kukaa akimtazama kiwavi akitembea juu ya karo ya watoto wake. Lawama ni ya mfumo uliomkabidhi chupa bila maelezo. Kampuni za kemikali zina maafisa wa mauzo wanaofika vijijini na mashamba ya maonyesho, na mwenye duka la agroveti ndiye daktari wa mimea pekee anayefikika. Afisa wa kilimo wa serikali huonekana kwa nadra, na mara nyingi humpita mkulima akiwa kwenye pikipiki isiyo na mafuta ya kutosha kumrudisha.

Joto letu nalo ni kikwazo. Kuvu ya metariziamu ni kiumbe hai. Ikikaa kwa wiki kadhaa katika duka la mabati lililopigwa na jua la Pwani, hufa ndani ya pakiti. Mkulima huuziwa unga usio na uhai, huunyunyiza, hauoni ukifanya lolote, na hatarudi tena. Dawa ya mwarobaini nayo huharibiwa na mwanga wa jua, hivyo inapaswa kunyunyizwa jioni na kurudiwa baada ya siku chache. Kemikali huvumilia uzembe wa kila aina: rafu chafu, jua kali, hata kipimo cha kukisia kwa kifuniko. Bidhaa hai haivumilii. Anayeahidi kwamba viuadudu vya kibayolojia vitashinda kwa sababu tu ni vya asili hajawahi kusimama ndani ya duka la agroveti saa saba mchana mwezi wa Februari.

Lipo pendekezo jingine, kwamba kila mkulima ajitengenezee dawa nyumbani. Njia yenyewe si siri: kokwa za mwarobaini humenywa na kutwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, mchanganyiko huachwa usiku kucha, kisha huchujwa kwa kitambaa na kunyunyizwa jioni. Kwa bustani ya mboga nyuma ya nyumba ni mbinu nzuri, na mwandishi huyu anaipendekeza. Lakini hebu tufanye hesabu. Bomba moja la lita 20 linahitaji kilo nzima ya kokwa zilizomenywa kwa mkono. Shamba linalohitaji mabomba matano kila wiki litahitaji kilo tano kila wiki, na wanaomenya kwa kawaida ni wanawake na watoto ambao tayari wana kazi nyingine. Isitoshe, nguvu ya mbegu hutofautiana baina ya mti na mti, na mbegu zilizokaushwa vibaya huota kuvu yenye sumu. Dawa ya kupimwa, iliyotengenezwa kiwandani kwa kiwango kinachojulikana, ndiyo inayoweza kushindana na ile ya kwenye kasha.

Anayetaka kuitengeneza bidhaa hiyo hukutana na sheria. Chini ya Sura ya 346 ya sheria za Kenya, hakuna dawa ya kuua wadudu inayoruhusiwa kuuzwa kabla ya kusajiliwa na bodi ya PCPB, na usajili hudai majaribio ya shambani na taarifa za usalama. Ni haki kabisa. Wapo wanaotaka bidhaa za asili zisamehewe uchunguzi kwa kuwa, wanadai, cha asili hakidhuru. Wavuvi wa Pwani watawacheka. Mmea wa utupa ni wa asili, nao ndio uliotumiwa tangu kale kulevya na kuua samaki. Tumbaku ni ya asili, na maji yake yaliyokolezwa yanaweza kumuua mnyunyizaji. Dawa ipimwe kwa madhara yake, bila kuulizwa ukoo wake. Ila ni kweli pia kwamba gharama na muda wa usajili vinaweza kubebwa kwa urahisi na kampuni kubwa yenye kuuza duniani kote, huku ushirika wa wanawake wa Kilifi wenye mashine moja ya kukamua mafuta ukilemewa kabla haujaanza.

Katika mjadala huu kuna kumbukumbu moja chungu ambayo Mombasa inapaswa kuijua kuliko mji mwingine wowote, nayo ni ya pareto. Ua hilo jeupe lilianza kupandwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi Kenya ndiyo iliyoupa ulimwengu zaidi ya nusu ya pareto yake. Dawa itokanayo nalo huangusha mbu na nzi mara moja, kisha huyeyuka juani bila kudumu katika chakula. Ilikuwa dawa ya asili iliyokamilika, na ilipita Kilindini ikielekea nje.

Mwaka 1973, huko Rothamsted nchini Uingereza, mwanakemia Michael Elliott na wenzake walifanikiwa kutengeneza permethrini, nakala ya sumu ya pareto iliyorekebishwa ili istahimili jua. Ndugu zake wengi walifuata, na leo hakuna duka la agroveti lisilokuwa nao. Wakati huohuo, wakulima wa Nakuru, Nyandarua na Kisii walikaa miaka bila kulipwa na bodi iliyopewa jukumu la kuuza maua yao. Wengi waling'oa pareto na kupanda viazi. Jimbo la Tasmania nchini Australia likachukua nafasi ya Kenya. Sheria mpya ya pareto ilipitishwa mwaka 2013 na kilimo hicho kimeanza kufufuka, lakini hali ni kwamba bandari iliyokuwa ikisafirisha ua sasa hupokea nakala ya ua.

Kinyume cha kisa hicho kinapatikana India. Katika miaka ya 1990 Marekani, kupitia wizara yake ya kilimo pamoja na kampuni ya W.R. Grace, ilipewa hataza barani Ulaya juu ya matumizi ya mafuta ya mwarobaini dhidi ya kuvu za mimea. Wanaharakati wa India na Ulaya walipinga, wakisema wakulima wa Kihindi walilijua jambo hilo tangu zamani. Hataza hiyo ilibatilishwa mwaka 2000, na rufaa ikatupiliwa mbali mwezi Machi 2005. Kesi hiyo ilisifiwa sana, lakini kilichofuata ndicho chenye funzo kubwa kwetu. Mwaka 2015 serikali ya India iliamuru mbolea yote ya urea inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini, ili itoe naitrojeni yake polepole na isiibwe kwenda viwandani. Kwa amri hiyo moja mbegu zilizokuwa zikifagiwa zikapata mnunuzi wa uhakika, na katika jimbo la Gujarat maelfu ya wanawake wa vijijini wakawa wakusanyaji wa kulipwa. Mwarobaini ulipata soko kwa sababu kulikuwa na agizo la kununua. Semina peke yake hazikufika popote.

Sisi pia tumeona nguvu ya mnunuzi, ila mnunuzi mwenyewe yuko mbali. Mwanzoni mwa 2013, baada ya mabaki ya dawa iitwayo dimethoeti kupatikana katika maharagwe mabichi na njegere za Kenya, Umoja wa Ulaya uliagiza shehena moja katika kila kumi ipimwe. Wasafirishaji walihangaika, dawa hiyo ikazuiwa kwa mboga na matunda, na mashamba makubwa ya Naivasha na Thika yakazidi kugeukia utitiri walao wadudu, nyigu na kuvu. Kampuni za humu nchini zinazozalisha viumbe hao zilinawiri kwa sababu hiyo. Hawakuvutwa na mapenzi ya mazingira. Mzigo uliorudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Ulaya ni hasara, na hasara hufundisha haraka.

Mama wa Kuze anayenunua mafungu mawili ya mchicha hana wa kumpimia shehena. Ukaguzi wa chakula cha soko la ndani haujakaribia ule wa mazao ya ng'ambo. Nyanya kutoka Taveta na Loitokitok, mboga za milima ya Taita, maembe ya Malindi na pilipili za Kwale hushushwa Kongowea alfajiri, huvuka hadi Marikiti, na kufikia saa nne ziko jikoni. Hakuna anayejua zilinyunyizwa lini. Kila dawa ina idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya kunyunyiza na kuvuna, na idadi hiyo imeandikwa kwenye chupa kwa maandishi madogo, mara nyingi kwa Kiingereza. Lakini bei ya nyanya ikipanda Ijumaa, nyanya zilizonyunyizwa Jumatano zitavunwa Alhamisi. Kuosha husaidia kiasi, ila zipo dawa zinazonyonywa na mmea hadi ndani, ambazo maji ya bomba hayazifikii.

Mlaji naye ana sehemu yake. Tunataka nyanya isiyo na doa na mchicha usio na tundu. Mchuuzi anajua, mkulima anajua, na kemikali ndiyo njia rahisi ya kutupatia tunachokitaka.

Uzito wa jambo hili ulifika Bungeni mwaka 2019, pale Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, Gladys Shollei, alipowasilisha ombi la kutaka dawa hatari ziondolewe sokoni. Mwaka huohuo ilidhihirika kwamba karibu thuluthi moja ya viambato vya dawa vilivyosajiliwa Kenya vilikuwa vimeondolewa katika soko la Ulaya. Mfano mmoja ni klopirifosi, dawa inayohusishwa na madhara kwa ubongo wa mtoto anayekua. Ulaya iliikataa mwaka 2020, na mwezi Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliamua kuiorodhesha miongoni mwa kemikali za kuondolewa duniani, ingawa kwa misamaha kadhaa. Kila dawa inapopigwa marufuku, swali la mkulima ni lilelile: nitumie nini badala yake? Akikosa jibu, atanunua iliyobaki katika magendo, au atatumia nyingine iliyo mbaya zaidi. Marufuku bila mbadala ulio rafuni ni karatasi.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya Mombasa si ya kupanda mwarobaini zaidi. Miti ipo ya kutosha. Kazi ni kulifanya soko la Mombasa liwe na masharti kama lilivyo soko la London. Serikali ya kaunti ndiyo mwenye nyumba wa Kongowea na Marikiti, na hutoza ushuru kila gunia linaloingia. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingeweza kulipia upimaji wa sampuli chache za mboga kila wiki, na matokeo yakabandikwa langoni kwa Kiswahili, yakitaja eneo yalikotoka mazao. Mchuuzi ambaye mzigo wake umetajwa vibaya mara mbili atamuuliza mkulima wake maswali ambayo hakuna afisa aliyewahi kuyauliza. Kadhalika, hospitali na shule za bweni za Pwani hununua mboga kwa zabuni. Zabuni hizo zinaweza kudai mazao yaliyokuzwa kwa kiwango kidogo cha kemikali, na hapo mkulima wa Kilifi atakuwa na sababu ya kumvumilia kiwavi aliyeacha kula kwa siku tatu zaidi.

Kaunti za Pwani zina jumuiya yao, na katika eneo la Mtwapa kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO. Zikiungana, zinaweza kubeba gharama ya kusajili dawa moja ya mwarobaini kwa niaba ya vyama vya ushirika, badala ya kila kikundi kujaribu peke yake na kuanguka. Maduka ya agroveti yanayokubali kuuza bidhaa hai yanaweza kusaidiwa kupata jokofu. Ni matumizi madogo yakilinganishwa na fedha zinazotumiwa katika warsha za hotelini kuhusu mada hii hii.

Uamuzi wa kununua mbegu, hata hivyo, hauwezi kutangazwa baada ya msimu. Tunda la mwarobaini likishaanguka, nyama yake inapaswa kuondolewa mapema na kokwa kuanikwa kivulini mahali penye upepo, si juani na si juu ya udongo wenye unyevu. Zikirundikwa mbichi ndani ya mfuko wa plastiki huvunda kwa siku chache na azadirakitini yake hupotea. Mnunuzi sharti awe na mizani, magunia ya katani na kituo kinachojulikana, tuseme kimoja kisiwani na vingine Likoni, Kisauni na Mtwapa, kabla matunda hayajaanza kubadilika rangi.